Mambo ya dunia yaelezwe Makomeno, tena kwa Kiswahili

Tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi makubaliano ya amani kule Washington. Tarehe 4 Desemba, marais Tshisekedi na Kagame nao wakatia sahihi. Siku ile ile Kongo na Marekani ziliafikiana pia juu ya madini. Shaba na kobalti ziko hapa kwetu Katanga. Lakini ni nani amekuja kutueleza?

Mikutano ya kuzungumzia mambo ya dunia iko Lubumbashi, ila mara nyingi ni katikati ya mji, tena kwa Kifaransa. Mama muuza mboga haalikwi. Anabaki na uvumi wa WhatsApp. Hamu iko: tazameni wale wanaosimama asubuhi kubishana mbele ya magazeti.

Wakaaji wa Makomeno waanze. Kila mwezi waite mtu mmoja anayejua: mwalimu wa UNILU, mwanasheria, mfanyakazi wa reli. Aseme dakika 20 kwa Kiswahili, kisha aulizwe kwa saa nzima. Darasa la shule linatosha. Waanze na reli ya Lobito: ikisafirisha madini yetu hadi bahari ya Angola, sisi tutabaki na nini? Waliojenga karibu na reli watahamishiwa wapi?

Wengine wataogopa siasa. Basi sharti liwe moja: hakuna kofia ya chama, hakuna kugawa pesa. Mkataba usioeleweka na wenye ardhi hauwezi kulindwa nao.