Uvumbuzi wa Chuo Kikuu ni Mali ya Nani?

Kila taifa huhesabu mali yake. Huhesabu mifugo na mashamba, madini yaliyomo ardhini na samaki waliomo majini. Lakini iko mali moja ambayo sisi bado hatujazoea kuihesabu, nayo ni ile izaliwayo katika vichwa vya watu waliosomeshwa kwa jasho la wananchi. Tangu chuo cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na hasa tangu kilipokuwa Chuo Kikuu cha Taifa mwaka 1970, mkulima wa pamba, wa kahawa na wa korosho amekuwa akichangia gharama za maabara ambazo hajapata kuziona. Mkulima huyo ana haki ya kuuliza: kile kinachovumbuliwa humo ni mali ya nani? Tunakusudia kulijibu swali hilo hapa, na tunajua kwamba jibu letu halitawapendeza wote.

Yatupasa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani ugunduzi na uvumbuzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari huko Magamba, aliona kwamba maziwa aliyoyatia katika jokofu yangali moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, alichekwa. Hakunyamaza, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, na mwaka 1969 wawili hao wakaitangazia dunia habari hiyo katika jarida la fizikia. Wanasayansi wanaijadili hadi leo. Huo ni ugunduzi: jambo la maumbile lililokuwapo hata kabla ya kuonekana, na hakuna awezaye kulimiliki. Lakini mtu akibuni mtambo mpya wa kugandisha vitu upesi kwa kutumia jambo hilo, huo ni uvumbuzi, na aweza kuuombea hataza.

Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila ruhusa yake, kwa muda ambao kwa kawaida hauzidi miaka 20. Haitolewi bure. Uvumbuzi lazima uwe mpya, usiwe jambo ambalo fundi yeyote angelibuni kwa urahisi, tena ufae kutumika. Juu ya hayo, mwombaji hulazimika kuueleza wazi kwa maandishi, ili muda ukiisha kila mtu aweze kuufuata. Kwa hiyo hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na jamii: yeye hufichua siri yake, na jamii humpa ulinzi wa muda.

Wako wenzetu wasemao kwamba mapatano ya namna hii ni mambo ya kibepari, na kwamba katika utamaduni wa Kiafrika elimu haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya wote, kama maji ya mto. Maneno haya ni matamu masikioni, lakini si kweli. Mhunzi hakumfundisha kila mpita njia namna ya kuyeyusha chuma. Fundi wa majahazi huko Pwani na Visiwani alimrithisha ufundi wake mwanawe au mwanafunzi aliyemtumikia kwa miaka mingi. Mganga alizifahamu dawa ambazo hata jirani yake hakuzijua, na mara nyingi alikufa nazo. Elimu ya wazee wetu ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na miiko, na ilikuwa na njia zake za kurithishwa. Ilichokosa ni daftari. Na Waswahili walikwisha kusema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tazama jinsi inavyopotea. Manjano ni kiungo kijulikanacho katika kila jiko la Pwani, na huko India akina mama wameyapaka kwenye vidonda vya watoto wao tangu kale. Mwaka 1995 kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, huko Marekani, kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda! Jambo lililojulikana kwa mamilioni ya watu likaitwa uvumbuzi mpya, kwa sababu tu halikuwamo katika makabrasha ya wakaguzi. India haikuishia kulalamika. Baraza lake la utafiti wa sayansi na viwanda lilipeleka pingamizi likiwa na ushahidi wa vitabu vya kale vya Kisanskriti na makala ya jarida la waganga wa India ya mwaka 1953, na mwaka 1997 hataza hiyo ikabatilishwa. Mafunzo yako wazi. Kilichoiokoa India ni maandishi. Kama elimu ile ingalikuwa katika vinywa vya wazee peke yao, ni hati gani ingaliwekwa mezani?

Tuje karibu na kwetu. Mwaka 1964 daktari Mhabeshi, Dk. Aklilu Lemma, alikuwa mjini Adwa, Ethiopia, akichunguza ugonjwa wa kichocho. Akaona kwamba mahali ambapo wanawake walifulia nguo kwa matunda ya mmea uitwao endodi, konokono wa mtoni, ambao ndio waenezao kichocho, walikuwa wamekufa. Alitumia miaka mingi kuuchunguza mmea huo kwa faida ya maskini, na mwaka 1989 alitunukiwa tuzo ya kimataifa pamoja na mwenzake Dk. Legesse Wolde-Yohannes. Kisha ikaonekana huko Marekani kwamba endodi huua pia kome wadogo wenye milia ambao huziba mabomba ya maji katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Katika miaka ya 1990 hataza ya matumizi hayo ilitolewa, na mwenye hataza akawa Chuo Kikuu cha Toledo, cha Marekani. Wafuaji wa Adwa, ambao bila sabuni yao asingelikuwapo mtu wa kushangaa, hawakutajwa katika umiliki huo. Mmea ni wa Afrika, jicho lililouona ni la Mwafrika, hati iko ng'ambo. Atakayetuambia kwamba kutoandikisha ni ukarimu, na atueleze huo ni ukarimu wa nani kwa nani.

Lakini lipo kundi la pili, nalo ni la hatari zaidi kwa sababu husema kwa sauti ya kitaalamu. Hao hutuambia kwamba Chuo Kikuu kiandikishe kila kitu, kiuze leseni kwa atakayetoa fedha nyingi zaidi, na kijiendeshe kama duka. Mfano wao ni Marekani, ambako sheria ya mwaka 1980, iitwayo Bayh-Dole, iliviruhusu vyuo vikuu kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali. Ni kweli kwamba tangu hapo vyuo vya huko vimeandikisha hataza kwa maelfu. Lakini tuulize vilevile ni nani aliyelipa.

Dawa ya stavudini iwe shahidi wetu. Ilitengenezwa mara ya kwanza katika miaka ya 1960 na Jerome Horwitz huko Detroit, aliyekuwa akitafuta tiba ya saratani. Katika miaka ya 1980 William Prusoff na Tai-Shun Lin wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba yafaa kupambana na virusi vya UKIMWI. Yale ikachukua hataza, ikaipa kampuni ya Bristol-Myers Squibb leseni, nayo dawa ikaanza kuuzwa mwaka 1994. Mirabaha ikaingia katika hazina ya chuo kwa mamilioni ya dola. Wakati huohuo, Afrika Kusini ilikuwa ikizika vijana wake kila siku, na bei ya dawa ilikuwa juu mno kwa mtu wa kawaida. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka waliiandikia Yale kuiomba iruhusu dawa ya bei nafuu iingie Afrika Kusini. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba haki zote amepewa mwenye leseni. Ilibidi wanafunzi wa chuo hicho wapige kelele, na Prusoff mwenyewe aseme hadharani kwamba yu pamoja nao, ndipo mwezi Machi mwaka huo kampuni ilipotangaza kwamba haitaitumia hataza kuzuia dawa nafuu nchini humo. Mvumbuzi alitaka watu wapone. Mkataba uliotiwa sahihi miaka mingi nyuma haukuwakumbuka. Chuo kilichouza haki zote kilikuwa kimeuza pamoja nazo sauti yake.

Basi kundi la kwanza lataka tuache mlango wazi, na la pili lataka tuuze mlango. Sisi tunasema mlango uwe na kufuli, na ufunguo ukae kwa wananchi. Wala hili si ndoto. Mwaka 1921 na 1922, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, Banting, Best, Collip na Macleod waliipata insulini, dawa iliyowarudishia uhai watu wa kisukari ambao hapo awali walikuwa wakingoja kufa tu. Mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliiuzia bodi ya chuo chao haki zao za hataza kwa dola 1 kila mmoja. Hawakuichukua hataza ili watajirike. Waliichukua ili asitokee mlanguzi akaiandikisha yeye na kuwafungia wagonjwa dawa. Chuo kiliteua kamati ya kutoa leseni na kupima ubora, na watengenezaji wakalazimika kufuata masharti yake. Hapo hataza ilikuwa ngao, haikuwa upanga.

Msomaji mwangalifu atatukumbusha kwamba leo soko la insulini la dunia limo kwa sehemu kubwa mikononi mwa makampuni matatu, na kwamba katika nchi nyingi wako wagonjwa wasioweza kuimudu. Ni kweli. Insulini za siku hizi zimeboreshwa, na maboresho hayo yaliandikishwa na makampuni, si na vyuo vyenye nia ya akina Banting. Jambo hili halivunji hoja yetu, laitia nguvu. Ulinzi ukilegea kwa kizazi kimoja, ukiritimba huingia kwa mlango wa nyuma.

Kwa upande wetu hatuanzi mikono mitupu. Sheria ya kikoloni ilimtaka mvumbuzi apate hataza Uingereza kwanza, ndipo iandikishwe Tanganyika, kana kwamba akili ya mtu wa hapa ilihitaji muhuri wa London ili ihesabike. Sheria iliyotungwa mwaka 1987 iliuondoa utaratibu huo. Tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Afrika inalo shirika lake la miliki ubunifu lenye makao Harare, lililotokana na mapatano ya Lusaka ya mwaka 1976. Pale Muhimbili utafiti wa dawa za asili ulianza mwaka 1974. Vyombo tunavyo. Kinachotakiwa ni msimamo, na msimamo tunaoupendekeza una nguzo nne.

Kwanza, daftari litangulie jarida. Katika nchi nyingi uvumbuzi uliokwisha kutangazwa huhesabiwa kuwa si mpya tena, hata kama aliyeutangaza ni mvumbuzi mwenyewe. Mtafiti akimbiliaye kuchapisha ng'ambo ili apande cheo, kabla ya kuuliza kama kazi yake yafaa kuandikishwa, anagawa mali isiyo yake peke yake.

Pili, aliyeonyesha njia atajwe na apewe fungu lake. Mganga wa Usambara au mfugaji wa Umasai akimwonyesha mtafiti mti, huyo ni mwalimu wa mtafiti. Jina lake na la kijiji chake yaandikwe tangu siku ya kwanza, na makubaliano ya mgawo yafanywe kabla mti haujachumwa jani.

Tatu, leseni isitolewe bila masharti. Yeyote apewaye haki ya kutengeneza kitu kilichovumbuliwa kwa fedha za umma akubali kukiuza kwa bei ambayo umma huo utaiweza, na asipokitengeneza kwa muda uliowekwa, haki irudi chuoni. Chuo kisiuze kamwe haki zote.

Nne, uvumbuzi uelezwe kwa Kiswahili. Tumesema kwamba hataza ni mapatano ya kufichua siri kwa jamii. Jamii ipi, ikiwa maelezo yote yamo katika lugha ambayo fundi wa Gerezani na mkulima wa Njombe hawaisomi? Siri iliyofichuliwa kwa Kiingereza peke yake bado ni siri kwa walioigharimia. Hapa ndipo suala la hataza linapokuwa suala la utamaduni wa Taifa.

Nanyi walimu, kazi hii haianzii Chuo Kikuu, inaanzia kwenu. Mwanafunzi akileta swali la ajabu, msimcheke. Mfundisheni kuliandika jambo aliloliona, tarehe aliyoliona, na jina la aliyemwonyesha. Nanyi wanafunzi, mtakapofika katika maabara hizo, kumbukeni kwamba kila chupa na kila darubini imenunuliwa kwa gunia la mtu fulani aliyeko shambani. Mtakachokivumbua humo mtakuwa mmekivumbua kwa akili zenu na kwa fedha zake. Kiandikisheni, kilindeni, kisha mpelekeeni.