Unga Mweusi wa Betri ni Somo la Taifa

Kwa miaka mingi katika milima ya Usambara, kutoka Soni hadi Mlalo na Mtae, redio na tochi zimetegemea betri kavu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia wanavijiji kwa redio za namna hiyo. Lakini betri hiyo ikiisha hutupwa, na mwananchi hurudi dukani kutoa fedha tena. Yafaa kuulizwa: kwa nini itupwe?

Ndani yake mna kopo la zinki na unga mweusi wa oksidi ya manganisi, ambao ndio kathodi, yaani upande chanya. Madini haya si ghali kama kobalti, tena maji yake hayashiki moto. Tangu miaka ya 2010 wanasayansi wa China, Marekani na Kanada wamejitahidi kutengeneza betri ya zinki na maji inayoweza kujazwa umeme tena na tena.

Kikwazo kikubwa kimo katika kathodi. Ioni za zinki zinapoingia na kutoka, umbo la oksidi hulegea, manganisi huyeyuka majini, na nguvu ya betri hufifia. Mwaka 2016 ilidhihirika kwamba kutia chumvi ya manganisi katika maji hayo hupunguza uyeyukaji. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilionyesha kwamba maji yaliyo kati ya matabaka ya oksidi ya vanadi huirahisishia zinki njia. Hata hivyo, vanadi ni ghali zaidi na ina sumu. Kazi haijakwisha.

Wapo watakaodai kwamba utafiti huu ni wa mataifa tajiri. Hao wameisahau Amani. Taasisi ya Amani, Usambara Mashariki, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za meli, ilitengeneza sabuni na dawa kwa mali ya hapa hapa. Ikiwa mkoloni aliweza kwa manufaa yake, watu huru washindweje kwa manufaa yao?

Mwalimu wa kemia wa Lushoto anao mfano mkononi: betri ya tochi iliyokwisha. Naye ofisa wa elimu hana budi kuhakikisha kwamba maabara ya shule ina mizani, chumvi na mita ya umeme, ili mwanafunzi apime mwenyewe badala ya kukariri. Bila hayo, taifa litaendelea kununua betri lisizojua undani wake.