Mawanda ya Jina: Istilahi Pekee Haitoshi

Aghalabu inapodaiwa kuwa Kiswahili hakijakomaa kufundishia taaluma ya kompyuta, watetezi wake hukimbilia kuunda istilahi. Orodha hurefushwa, kamusi zikachapishwa na mjadala ukadhaniwa umekwisha. Lakini istilahi isiyoandamana na maelezo ya kanuni yake humfaa mwanafunzi kama jina la chakula limfaavyo mwenye njaa. Ushahidi ni kanuni za mawanda ya vigeu katika lugha ya Python.

Kigeu ni jina lililopewa thamani iwezayo kubadilishwa, na mawanda yake ni sehemu ya programu ambamo jina hilo hutambulika. Hadi hapo hakuna ugumu. Ichukuliwe programu ambayo juu kabisa imeandikwa salio = 500. Chini yake pana fungu la maagizo liitwalo toa, na ndani yake mna mstari mmoja tu: salio = salio - 200. Mwanafunzi hutarajia 300. Fungu linapoitwa, Python hukataa na kutangaza kosa. Ajabu ni kwamba lau mstari huo ungalikuwa wa kuonyesha salio tu, 500 ingalijitokeza bila matata.

Kiini cha mambo ni hiki: kabla ya kulitekeleza fungu, Python hulipitia lote. Ikikuta jina limepewa thamani mahali popote humo, huliamua kuwa la ndani ya fungu zima, hata katika mistari inayotangulia. Kwa hivyo salio la upande wa kulia halitafutwi nje tena. Ni lile la ndani, ambalo bado ni tupu. Jina lisilopewa thamani ndani ndilo hutafutwa nje: kwanza katika mafungu yanayolizingira, kisha katika faili nzima, na hatimaye miongoni mwa majina ya lugha yenyewe. Atakaye kulibadilisha salio la nje hana budi kutangaza hivyo kwa neno global au, bora zaidi, kulifanya fungu lipokee salio na kurudisha jibu.

Mfasiri aliyeshika kamusi tu ataandika "kigeu cha kienyeji", na msomaji akumbuke kuku. "Kigeu cha ndani" ni afadhali, ila nalo halisemi kuwa tendo la kupewa thamani ndilo linalokifanya kiwe cha ndani. Hilo huelezwa kwa sentensi. Neno moja haliwezi kulibeba.

Wanafunzi wa Kiswahili hawaji mikono mitupu hapa. Katika semantiki wamekwisha kukutana na sentensi kama "Wanafunzi wote hawakufika." Je, hakufika hata mmoja, au walifika baadhi tu? Jibu hutegemea mawanda ya ukanushi, na wazungumzaji huamua kwa muktadha. Python haina muktadha wa kuuliza. Huamua mapema, kwa kanuni moja. Mhadhiri awezaye kuufafanua utata wa sentensi hiyo ubaoni anaweza kulifafanua kosa la salio kwa Kiswahili kicho hicho.

Kinachokosekana, basi, si orodha nyingine ya istilahi mia mbili. Ni kurasa kumi za maelezo, zikiandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili na mwenzake wa kompyuta walioketi mbele ya skrini moja, wakiliendesha fungu hilo la toa hadi wote wawili waelewe kwa nini limekataa.