Starehe ya dereva wa pikipiki ni usalama wake
KANDO YA BARABARA
Na Yusufu Kilongola

Nilipofika Ruaha Mbuyuni saa sita mchana, vidole vyangu vilishindwa kufungua mkanda wa helmeti. Nilitoka Dar es Salaam alfajiri kwa pikipiki ya kuazima, ya muundo wa mashindano: usukani uko chini, magoti yamekunjwa mpaka karibu na mbavu, kiti kigumu kama ubao. Mama mmoja muuza vitunguu akaacha ndoo zake akaja kunifungulia. "Pole baba, kaa kwanza," akaniambia. Nilikaa karibu saa nzima, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na mlima wa Kitonga na kona zake, na kwa mikono iliyokufa ganzi breki huisikii.

Tukizungumzia usalama wa pikipiki tunataja helmeti, pombe na mwendo kasi. Uchovu hatuutaji, na katika safari ndefu upepo ndio unaouleta kwa wingi. Ukienda kilomita 100 kwa saa bila kinga, kifua chako kinakuwa tanga. Shingo na mikono vinafanya kazi muda wote ya kukuzuia usirudishwe nyuma. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo unaongezeka mara nne.

Wajerumani walilitazama jambo hili zamani. Mwaka 1976 BMW walitoa R100RS, na gamba lake la mbele la kukinga upepo walilipima kwenye handaki la upepo la Pininfarina, Italia. Wakalifunga kwenye fremu, si kwenye usukani, ili upepo ukilipiga usiyumbishe gurudumu. Injini ilikuwa ya cc 980 yenye nguvu za farasi 70. Zilikuwapo pikipiki zenye nguvu zaidi, Kawasaki Z900 ikiwa mojawapo. Lakini mwenye R100RS alijaza tanki la lita 24, akainama mbele kidogo tu, akaenda kutwa nzima upepo ukipita juu ya mabega. Mnyororo wa kukaza na kupaka mafuta hakuwa nao. Shafti ndiyo iliyozungusha gurudumu la nyuma.

Wengine wakafuata njia hiyo hiyo. Honda walikuja na Pan European mwaka 1990, yenye tanki la lita 28. Yamaha wakatoa FJR1300 mwaka 2001, nayo ya shafti.

Inaniuma kuona vijana wetu wenye uwezo wakiagiza pikipiki kubwa kwa kufuata sura na mlio, kisha wanaanza nazo safari ya Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Wengine wananunua zile ndefu za porini. Hizo nazikubali kwa anayekwenda kula vumbi la Katavi, ila njia ya Mbeya ni lami. Nikiwatajia hizi za mfano wa R100RS, za mwendo na safari ndefu kwa pamoja, wananijibu kwamba ni pikipiki za wazee. Sikubali. Kona za Kitonga pikipiki ya namna hii inazilalia vizuri kabisa, na anayeiendesha anazifikia akiwa bado na macho makali na vidole vinavyosikia breki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipa, omba uikalie pikipiki dakika 20 ikiwa imesimama, mikono kwenye usukani, miguu juu ya vikanyagio, helmeti kichwani. Muuzaji akikuharakisha, mwambie asubiri. Viganja vikianza kufa ganzi ukiwa bado dukani, iache.