Tope lisiwe mchezaji wa 12

Kwenye Safari Rally kule Naivasha, dereva anayeshinda pori na matope hushangiliwa na kupewa kombe. Nangurukuru hadi Liwale, zaidi ya kilomita 200, sehemu kubwa ni vumbi na pori. Masika, dereva wa Fuso anapiga rali yake bila kombe, na msaidizi wake ni utingo mwenye jembe. Timu ikilala njiani humo, pointi tatu zimekwenda kabla ya filimbi.

Mei 2024, kwa mvua na Kimbunga Hidaya, hata lami ya pwani ilikatika pale Somanga. Wakubwa, tusiishie kusifia ujasiri wa madereva. Lami ifike Liwale, mechi zianzie uwanjani.