Nyani alimkwaruza mtoto, watu wazima tukacheka

Likizo ya Desemba inakaribia, na najua baadhi yenu mmeshapanga safari. Zamani likizo ilikuwa kwenda kijijini kumsalimia bibi. Siku hizi familia mbili tatu zinachanga fedha, zinakodi gari na kwenda kutembea makorongoni: Ngare Sero kule Ziwa Natron, maporomoko ya Sanje katika milima ya Udzungwa, Materuni juu ya Moshi. Ndugu zetu wa Kenya wana korongo la Njorowa, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate. Ni jambo jema. Miguu inafanya kazi, simu hazina mtandao, watoto wanalala mapema bila kubembelezwa. Sikusudii kuwatisha msiende.

Nakusudia kuwasimulia yaliyotupata sisi mwaka juzi, maana nilijifunza jambo ambalo mtu wa kazi yangu alipaswa kuwa analijua tayari.

Tulikuwa watu wazima sita na watoto watano, ndugu na marafiki, Ngare Sero. Aliyefika anaijua njia ile: unafuata mto katikati ya kuta za mawe, unavuka maji mara kadhaa, mwisho unayakuta maporomoko. Hatujafika nusu, kijana wa Kimasai aliyetuongoza alisimama na kuinua fimbo, bila kusema neno. Hatua kama tatu mbele yake, kwenye kivuli cha jiwe, alilala kifutu. Mnene, mfupi, rangi yake ni ya vumbi lile lile alilolalia. Tukapiga kelele, tukawabeba watoto, tukazunguka mbali. Nyoka hakutikisika. Njia yote iliyobaki hatukuzungumza kingine.

Wakati wa kurudi tulikaa karibu na mdomo wa korongo tukafungua chakula. Nyani mmoja akashuka kutoka kwenye mawe, akashika begi la mkate alilokuwa nalo mtoto wa dada yangu, mwenye miaka minane. Mtoto naye hakuachia. Wakavutana kidogo, nyani akashinda, na mkononi mwa mtoto zikabaki mistari miwili ya kucha, inatoka damu kidogo. Tukacheka. Nami nilicheka, sitaki kujitoa. Shemeji akamfuta kwa kitenge na kusema, "Huo ni mkwaruzo tu, dokta, usituharibie siku."

Kifutu aliyetutetemesha hakutufanya lolote. Nyani aliyetuchekesha ndiye aliyetuzungusha vituo vitatu vya afya hadi siku ya pili.

Shida inaanza na jina. Tunauita ugonjwa ule kichaa cha mbwa, na kweli hapa Afrika karibu wagonjwa wote huupata kwa mbwa. Lakini virusi hivyo vinaweza kumwingia mnyama yeyote anayenyonyesha: paka, bweha, nguchiro, punda, nyani, tumbili. Kwa nyani ni nadra, nakubali. Ila ukishaumwa au kukwaruzwa na mnyama wa porini huna njia ya kumfunga umchunguze siku kumi kama unavyoweza kumfanyia mbwa wa jirani. Ameshapanda mawe na mkate wako. Na ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna daktari, wa hapa wala wa Ulaya, mwenye dawa ya kumrudisha.

Kinachookoa ni kilichofanyika kabla, nacho kina sehemu mbili. Ya kwanza haihitaji hospitali: osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, yanayotiririka, kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, hasa mtoto akilia. Sabuni huviharibu virusi hivi. Ukimaliza, paka dawa ya kuua vijidudu kama unayo. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya meno.

Basi nikauliza nani ana sabuni. Watu kumi na mmoja, chakula cha kutosha harusi, spika ya muziki, na hapakuwa na kipande cha sabuni. Tulimmwagia mtoto maji ya kunywa hadi chupa zikaisha, tukaenda kununua sabuni dukani kijijini, tukaanza upya. Tulikuwa tumechelewa, lakini kuosha kwa kuchelewa ni bora kuliko kutoosha.

Sehemu ya pili ni chanjo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauna mzunguko: mnyama akilamba ngozi nzima isiyo na jeraha, unaosha tu. Akiparua bila kutoa damu, unaosha na kuchanjwa. Akiuma au kukwaruza hadi damu itoke, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, macho au mdomo, unaosha, unachanjwa, na unapewa pia kinga iliyo tayari, immunoglobulini, ambayo huingizwa ndani na kuzunguka jeraha. Popo akimgusa mtu moja kwa moja huhesabiwa katika kundi hili la mwisho. Chanjo ni dozi kadhaa kwa tarehe zinazoandikwa kwenye kadi, na wazazi wengi huishia ya pili mtoto anapoonekana mzima. Bila shaka ataonekana mzima. Ugonjwa huu mara nyingi hukaa kimya miezi miwili au mitatu kabla ya kujitokeza.

Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na chanjo. Cha pili tuliambiwa kichaa cha mbwa ni cha mbwa, turudi nyumbani tukapumzike. Sikumlaumu sana yule aliyetuambia, kwani saa chache nyuma mimi mwenyewe nilikuwa nacheka. Lakini nakuomba wewe mzazi, ukijibiwa hivyo, usiinuke kitini. Uliza kwa adabu nani ana chanjo, upewe rufaa iliyoandikwa, uende. Na hata ukiwa umechelewa siku kadhaa, bado nenda. Kuhusu jeraha lenyewe, meno na kucha za nyani huacha bakteria wengi, kwa hiyo uliza pia kinga ya pepopunda, na usishangae daktari akikataa kulishona siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa kifutu, maana hakutuuma sisi, lakini huuma wengine.

Huyu hakimbii anaposikia vishindo. Hutulia akitumaini hutamwona, nawe unamkanyaga. Ndiyo sababu majeraha yake mengi huwa kwenye wayo, kifundo na muundi. Na sisi, kwa kuwa korongoni kuna maji, huvaa kandambili ili viatu visilowe! Viatu vya raba vinavyofunika kifundo, hata vikilowa chapachapa, ni bora. Mtoto asitie mkono kwenye ufa wa jiwe asipoweza kuona ndani, na asitangulie mbele ya mwongozaji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na mwaka 2017 liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Nikisoma hesabu hizo huwawaza waliofika hospitali na mguu uliofungwa kamba, umechanjwa kwa wembe, na jiwe jeusi limebandikwa juu. Sumu ya kifutu huharibu nyama pale ilipoingia. Ukifunga kamba unaifungia hapo hapo ikamilishe kazi, na unazuia damu isifike mguuni. Wembe unaongeza kidonda na kumwaga damu ambayo huenda tayari imeshindwa kuganda. Jiwe la nyoka limejaribiwa na watafiti, halivuti sumu. Najua nitapata barua kuhusu hilo, na najua mtakayoniambia: babu aliwekewa akapona. Nyoka mara nyingi huuma bila kumwaga sumu. Babu angepona hata kwa kubandikiwa kifungo cha shati.

Fanya hivi. Mwondoe mtoto pale, usimfukuze nyoka wala usimtafute umuue. Mlaze, mtulize. Vua pete, saa, viatu vinavyobana, na zile bangili za shanga mlizomnunulia asubuhi, kabla uvimbe haujaanza, kwani baadaye hazitatoka. Funga mguu au mkono kwenye banzi, fimbo na kanga vinatosha, kama unavyofunga mfupa uliovunjika. Lengo ni usichezecheze, si kuubana. Abebwe, asitembee hata kama anasema anaweza. Akitapika, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Kama usafiri uliopo ni bodaboda, akae katikati, mtu mzima amshike nyuma. Maumivu yakizidi mpe parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu hizo huongeza kutoka damu. Ukiwa na kalamu, chora mstari pale uvimbe ulipofika na uandike saa. Mstari huo humsaidia daktari.

Koboko ni habari nyingine. Sumu yake hailiwi na nyama, inakwenda kwenye mishipa ya fahamu. Kope zinalegea, mtoto anaongea kama mlevi, anashindwa kumeza mate, kisha kupumua. Hapo uvimbe unaweza kuwa mdogo sana, na mzazi akadanganyika. Fira mtema mate akimrushia mtoto machoni, osha macho kwa maji mengi, muda mrefu, kisha hospitali. Usikamulie jani lolote.

Hospitalini mnaweza kuona daktari anachukua damu kidogo, anaiweka kwenye chupa safi ya kioo, anaiacha dakika 20 bila kuigusa. Hajawasahau. Anaangalia kama itaganda, na isipoganda anajua sumu imeingia kwenye damu. Wazazi pia huuliza kwa nini mtoto mdogo apewe dozi sawa na baba yake. Ni kwa sababu dawa inapambana na sumu, na nyoka hapimi sumu kwa uzito wa mtu. Hata asipoonyesha dalili, akubali kulazwa saa 24.

Wapo wanaoniuliza kama wanunue dawa ya sumu waiweke begini. Hapana. Nyingine huhitaji jokofu, na dawa hiyo yenyewe inaweza kusababisha mzio mkali ndani ya dakika chache, kwa hiyo hutolewa mahali penye adrenalini na mtu anayejua kuitumia. Cha kubeba ni jibu la swali moja: hospitali iliyo karibu zaidi yenye dawa ya sumu ya nyoka na chanjo ya kichaa cha mbwa ni ipi, na tutafikaje usiku? Dawa hii ni ghali na si kila kituo kinayo, kwa hiyo kituo kilicho karibu huenda kisiwe ndicho unachokitafuta. Piga simu wiki moja kabla. Anayekuuzia safari ya makorongoni naye anapaswa kuwa na jibu hilo. Akikujibu kwamba huko hakuna nyoka, tafuta mwingine. Tunawauliza hawa watu bei ya chakula, aina ya gari, kama kuna choo. Sijasikia mzazi akiuliza hili, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Mawili kwa haraka. Kuta za makorongo huwa na mizinga ya nyuki, hivyo watoto wasirushe mawe juu. Nyuki wakitoka, kimbieni mbali, mkifunika uso, na miiba ikwanguliwe upesi. Mtu akianza kuvimba uso au kukoroma, hiyo ni dharura. Na mapango yenye popo si mahali pa kupigia picha za familia. Virusi vya Marburg viliwapata wageni walioingia pango la Kitum, Mlima Elgon, mwaka 1980 na tena 1987, na mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango lenye popo huko Uganda. Chungulieni mlangoni, inatosha. Msafara wenu ukipata homa kali katika wiki tatu zinazofuata, mwambieni daktari mlikokwenda kabla hajauliza.

Mtoto wa dada yangu alichanjwa dozi ya kwanza mchana wa siku ya pili, kwenye kituo cha tatu, na zilizobaki alizimaliza nyumbani kwa tarehe za kadi. Analalamikia sindano kuliko nyani. Shemeji sasa hutembea na kipande cha sabuni ya kufulia kwenye mfuko wa begi, kimefungwa kwenye plastiki, na hapendi kuulizwa ni cha nini.