Lotus imesahau uzito, wenye Elise bado wanaupima

Kule Hethel, katika eneo la Norfolk mashariki mwa Uingereza, kuna kiwanda kilichojengwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa vita. Kampuni ya Lotus ilihamia pale mwaka wa 1966, na njia za ndege zikawa uwanja wa kujaribia magari. Mwanzilishi wake, Colin Chapman, aliyefariki mwaka wa 1982, alikuwa injinia mwenye wazo moja ambalo hakuliacha: kabla ya kuongeza nguvu ya moteri, punguza kilo.

Leo jina hilo hilo la Lotus limebandikwa kwenye Eletre, gari kubwa la umeme linalotengenezwa Wuhan, China, lenye uzito wa karibu tani mbili na nusu. Kampuni ya China, Geely, ilichukua sehemu kubwa ya Lotus mwaka wa 2017. Isilaumiwe peke yake, kwani Lotus ilikuwa imepita kwa mabwana wengi na kukaribia kufilisika mara kadhaa, na gari dogo la viti viwili halilipi mishahara ya kiwanda kizima. Lakini jambo moja liko wazi. Wanaolinda wazo la Chapman kwa sasa ni watu walionunua magari yake ya zamani, wanaoyafungua Jumamosi na funguo mkononi, wakipima kila kipande wanachokitoa na kila wanachokirudisha. Watu hao wako sawa, na mwenyeji wa Goma, Bukavu ao Kolwezi ana sababu zake za kuwasikiliza.

Gari wanalolipenda zaidi ni Elise. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka wa 1995, ikaanza kutengenezwa mwaka uliofuata, na ikaitwa kwa jina la Elisa, mjukuu wa Romano Artioli, Mwitaliano aliyekuwa mkubwa wa Lotus wakati huo. Shasi yake ni vipande vya aluminiamu vilivyoshikamanishwa kwa gundi, na peke yake ina kilo 68 hivi, yaani uzito wa mtu mzima mmoja. Gari zima la kwanza lilikuwa na kilo 725 hivi. Halikuwa na ABS, wala mfuko wa hewa, wala usukani wa kusaidiwa. Moteri yake ya Rover ya lita 1.8 ilitoa nguvu za farasi 118 tu.

Mtu atacheka: nguvu 118 ni nini? Ni hesabu rahisi. Gari la tani moja na nusu linahitaji nguvu kama 245 ili kila kilo isukumwe sawasawa na kwenye Elise. Na hata likizipata nguvu hizo, likifika kwenye kona bado lina tani moja na nusu, na pine zake ndizo zinazopaswa kulishika lisitoke nje.

Hapo ndipo vijana wengi wanaobadilisha magari wanapopotea, Ulaya kama hapa. Kijana anaangalia video kwenye simu, anaona gari linatema moto nyuma, na kesho yake yuko garaji. Anaomba bomba la moshi litobolewe lipige kelele. Anaomba resori zikatwe ili gari lilale chini. Akibaki na feza kidogo, anaweka rimu kubwa za kung'aa. Kazi zote hizo tatu zinaweza kulifanya gari kuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani. Resori iliyokatwa haiwezi tena kufanya kazi vizuri na amortisa iliyotengenezewa resori nzima. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na huo ndio uzito mbaya kuliko wote, kwa sababu uko chini ya resori: kila shimo la barabara linaurusha juu, na pine inaacha kugusa ardhi. Kelele nayo haijawahi kulisogeza gari hata hatua moja.

Mwenye Elise anayejua kazi yake anaanzia upande mwingine kabisa. Anaanzia kwenye freni, tena si kwenye diski kubwa za bei kali, ila kwenye chupa moja ya mafuta ya freni ambayo haigharimu sana. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Mafuta ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya yanapaswa kuvumilia joto la nyuzi 230 angalau bila kuchemka. Yakishakunywa maji, kiwango kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kirahisi kama hewa ndani ya mpira. Dereva anakanyaga, kanyagio linakwenda mpaka chini, na gari linaendelea na safari yake. Dereva yeyote aliyeshuka milima ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, akiwa na mzigo nyuma anajua harufu ya freni zilizochoka. Kwa hiyo mafuta mapya kwanza, kisha plaketi zinazovumilia joto, kisha pine nzuri, kisha kurekebisha namna magurudumu yanavyosimama. Moteri inakuja mwisho, na wengi hawafiki huko kwa sababu wamekwisha kuridhika.

Hapo uzito unaonyesha faida yake. Elise ikikimbia kilomita 100 kwa saa, freni zake zina kazi fulani ya kumeza ili isimame. Eletre kwa mwendo huohuo inazipa freni zake kazi karibu mara tatu na nusu. Gari zito linahitaji diski kubwa, diski kubwa zinahitaji rimu kubwa, rimu kubwa zinahitaji pine pana, na vyote hivyo vinaongeza kilo zinazohitaji moteri kubwa zaidi. Chapman aliikata duara hiyo mwanzoni. Makampuni mengi ya leo yanaizunguka tu.

Kisha kuna swali la wapi pa kukimbia. Uingereza ina desturi nzuri ambayo haizungumzwi vya kutosha: siku za wazi kwenye viwanja vya mbio kama Snetterton, Brands Hatch ao Castle Combe. Mtu analipa kiingilio, anavaa kasike, anasikiliza maelezo ya asubuhi, kisha anaingia uwanjani na gari lake mwenyewe, lile alilolipeleka sokoni wiki iliyopita. Si mashindano. Hakuna kupimana saa, na anayetaka kumpita mwenzake anangoja aruhusiwe. Tena, kwa wale wanaodhani kelele ndiyo ufundi, viwanja vingi vinapima sauti ya gari asubuhi, na lililozidi kiwango linarudishwa nyumbani kabla ya kuzunguka hata mara moja.

Jambo la maana ni kwamba mtu aliyezungusha Elise yake siku nzima uwanjani, akaona mahali ujuzi wake unapokomea na gari likamgeuka kwenye majani bila kugonga mtu, hana tena haja ya kujionyesha barabarani mbele ya shule. Mji usio na uwanja wa namna hiyo unawaachia vijana barabara tu, na kwenye barabara kuna mama anayevuka na beseni kichwani. Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko katika hali hiyo. Kipande kidogo cha lami kilichofungwa Jumapili moja kwa mwezi, chenye gari la wagonjwa na mtu wa kukagua freni mlangoni, kingegharimu kidogo kuliko ajali chache.

Ni lazima kusema pia kwamba wapenda magari mepesi nao wanapita kipimo. Wapo wanaoweka pine za uwanjani, zenye mifereji michache, kisha wanarudi nazo nyumbani kwenye mvua, wakati pine hizo zinashika vizuri zikiwa moto na kwenye ukavu tu. Wapo wanaofunga mabomba ya chuma ndani ya gari ili kulinda kichwa likipinduka. Uwanjani, ukiwa na kasike, yanaokoa maisha, lakini barabarani, bila kasike, bomba lile karibu na kichwa linaweza kuwa nyundo katika ajali ndogo. Na wapo wanaoficha mabadiliko kwa kampuni ya bima. Uingereza mwenye gari anapaswa kuitaarifu bima yake kuhusu kila badiliko. Asipofanya hivyo, siku ya ajali anaweza kukuta karatasi yake haina kazi. Siku ya uwanjani yenyewe kwa kawaida haimo ndani ya bima ya barabara. Kubadilisha gari bila kusoma karatasi ni uzembe, hata kama mafundi wamefanya kazi nzuri namna gani.

Elise yenyewe si malaika. Moteri ile ya Rover inajulikana kwa kuharibu joenti iliyo kati ya bloku na kichwa cha moteri. Shasi ya aluminiamu ikipindika katika ajali, kuinyoosha haiwezekani kirahisi, na mara nyingi ndio mwisho wa gari. Kuanzia mwaka wa 2004 Lotus ilianza kuweka moteri ya Toyota ya lita 1.8 yenye nguvu kama 190, ileile iliyokuwa kwenye Celica na kwenye baadhi ya Corolla. Kwa hiyo fundi wa Bukavu aliyezoea kufungua Toyota anaweza kufunua Elise ya miaka hiyo na kukuta kitu anachokitambua. Hilo linavunja hadithi kwamba gari la michezo ni lazima liwe na moteri ya ajabu. Ilitosha moteri ya Toyota, ikapewa mzigo mdogo wa kubeba.

Wanaotetea magari makubwa wana hoja mbili zenye nguvu. Ya kwanza ni usalama: gari la kilo 725 likigongana na la tani mbili na nusu, ni wazi nani ataumia. Ni kweli. Lakini hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho, kila mtu atanunua gari zito zaidi ya jirani yake, na anayetembea kwa miguu ao kwa pikipiki atalipa kwa niaba ya wote. Paris imeanza kuliona hilo: Februari 2024 wakaaji wake walipiga kura ya kuyatoza magari mazito ya wageni pesa ya kuegesha mara tatu zaidi, na yale ya umeme yenye zaidi ya tani mbili hayakuachwa nje. Ufaransa pia ina kodi ya uzito kwa magari mapya tangu mwaka wa 2022.

Hoja ya pili ndiyo inayoigusa Congo moja kwa moja. Inasemwa kwamba gari la umeme haliwezi kuwa jepesi kwa sababu ya betri, na kwamba uzito huo ni bei ya hewa safi. Hewa safi ni jambo jema. Lakini Eletre ina betri ya kilowati-saa 112. Betri kubwa namna hiyo inahitajika kwa sehemu kubwa kwa sababu gari lenyewe ni kubwa na zito, na ni zito kwa sehemu kubwa kwa sababu ya betri. Ni ile duara ya diski na rimu, imerudi kwa jina jingine. Na betri hazioti mtini. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka Congo, katika udongo wa Lualaba na Haut-Katanga. Si betri zote zinazotumia kobalti, na viwanda vinaendelea kuipunguza, lakini hata zisizo na kobalti zinataka metali nyingine, nyingi ya hizo zikichimbwa na watu ambao hawatakaa kamwe ndani ya gari hilo.

Mtu atasema Congo inafaidika magari yakiwa mazito, kwa sababu metali nyingi inauzwa. Serikali ya Kinshasa yenyewe imeonyesha kwamba hesabu si hiyo: Februari 2025 ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kuinua bei iliyoanguka, kwa sababu soko lilijaa. Kuchimba zaidi kulikuwa kumeleta feza kidogo kwa kila tani. Inchi inayouza kidogo kwa bei nzuri haina sababu ya kushangilia gari la tani mbili na nusu linalompeleka mtu mmoja kazini.

Lotus yenyewe ingali na gari moja la esanse, Emira, lililoonyeshwa mwaka wa 2021, mwaka uleule Elise ilipoacha kutengenezwa. Lina kilo kama 1,400, karibu mara mbili ya Elise ya kwanza. Ile Seven ambayo Chapman aliianza mwaka wa 1957, na ambayo Lotus iliiuza haki zake kwa Caterham mwaka wa 1973, bado inatengenezwa. Mwaka wa 2021 Caterham ilitoa moja yenye moteri ndogo ya Suzuki na uzito wa kilo 440. Eletre moja inalingana na magari matano kama hilo, na zinabaki kilo mia tatu hivi.